Kanyamaza, Kakubali

"Kanyamaza!" Dada Sabina alipaza sauti huku ameweka kiganja sikioni. "Binti Sungura kaulizwa, kanyamaza! Haya, watoto wazuri, kunyamaza maana yake nini?"

Watoto wa Mahurunga, mia tatu na ushee, waliokaa mchangani magoti kidevuni, wakajibu kwa pamoja hata mbuzi waliokuwa nyuma ya darasa la pili wakatimka.

"KAKUBALI!"

Ngoma ya Mzee Sudi ikapokea. Fisi akaruka juu kwa furaha, akabusu mkia wake mwenyewe, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Nyuma ya kinyago cha sungura, mahali ambapo hapana aliyeuona uso wake, Warda alifumba macho. Hiyo ilikuwa shule ya kumi na tano tangu safari ianze, na kila shule ilimtolea hukumu ileile.

Na amlaumu nani? Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wakati wa mazoezi pale Mtwara mjini, kiongozi wao Sabina, mwanamke wa Songea asiyeishiwa na maswali, aliuliza mwari wa pwani hujibuje akiletewa posa. Warda alicheka, akasema, "Kwetu hajibu, Dada Sabina. Haya humzuia. Wazee wakimuuliza akanyamaza, basi kakubali. Hata vitabu vya dini vimesema hivyo." Sabina alipiga makofi, akachukua kalamu, na maneno yale yakawa kilele cha mchezo wao, Posa ya Fisi. Kila walikokwenda walimwomba mzee mmoja wa kijiji akae kitini kama Mzee Tembo, mlezi wa Binti Sungura, aseme neno lake moja tu: "Mwanangu, posa imekuja. Unasemaje?" Binti Sungura hunyamaza, watoto hushangilia, halafu yeye hutoroka usiku wa harusi na kuacha boga limevishwa kanga. Watoto walilipenda boga lile kupita kiasi.

Miezi miwili baada ya kicheko kile, siku mbili kabla kikundi hakijaanza safari, Warda mwenyewe aliulizwa. Baba yake Mkubwa, Mzee Bwanaheri, ndiye aliyemlea tangu baba yake mzazi alipofariki, yeye akiwa na miaka tisa. Alimwita chumbani baada ya swala ya alasiri, amevaa kanzu yake nyeupe ya Idi, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Mwanangu, posa imekuja," alisema. "Ni Suleimani, mtoto wa marehemu Asadi rafiki yangu. Unasemaje?" Warda aliyatafuta maneno, asiyapate. Alimtazama mzee aliyemlea, akaona furaha ambayo hakuwa ameiona usoni pake kwa miaka mingi. Shangazi Saumu, aliyekaa kitandani, akapiga kigelegele.

Mambo yakaisha hapo. Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Pale Mahurunga, mto Ruvuma haukuwa mbali, na simu zote za kikundi zilikuwa zimenasa mtandao wa Msumbiji na kuwakaribisha kwa Kireno. Baada ya mchezo Warda alipanda juu ya kichuguu nyuma ya vyoo vya walimu, kwa sababu hapo tu ndipo mtandao wa nyumbani ulipopatikana. Simu ikaita kabla hajaishika vizuri.

"Wewe mtoto uko wapi?" Shangazi Saumu hakusubiri hata salamu. "Tangu asubuhi nakutafuta, najibiwa na mwanamke simwelewi."

"Shikamoo, Shangazi. Tuko Mahurunga, mtandao ni shida."

"Marahaba. Haya, sikiliza. Wakwe zako wamekuja jana. Suleimani hataki kungoja Maulidi ya mfungo sita, anataka mambo yaishe. Baba yako kawapa Ijumaa ijayo."

"Ijumaa ijayo ipi?"

"Ijumaa ijayo zipo ngapi? Ninyi Ijumaa hii si mnamaliza hapa kwetu Mikindani? Basi ukitua tu mizigo, naanza kukusinga. Uso wenyewe umeungua jua huko, tutafanyaje sijui." Akacheka. "Mbona kimya?"

Warda alitazama chini ya kichuguu. Kando ya gari la kikundi, Ismaili alikuwa amevua kichwa cha fisi, anamwagia maji shingo yake. Aliinua macho akamwona, akatabasamu.

"Mbona kimya, Warda?"

"Nipo, Shangazi."

"Haya ndiyo hayo," Shangazi alisema kwa mapenzi, na mtandao wa Msumbiji ukaichukua simu tena.

*

Ismaili alikuwa mtu wa Ujiji. Alifika Mtwara miezi minne nyuma na begi moja, akaomba kazi ya kuigiza, na siku ya kwanza ya mazoezi akamchekesha Warda mpaka akasahau aliposimama. Tangu hapo aliendeleza mchezo wake wa siri. Katika kila onyesho, Fisi alipomwinamia Binti Sungura, yeye humnong'oneza neno moja la kipuuzi chini ya kinyago. "Nimekula ming'oko mingi, nikiinama zaidi tutaaibika." Warda hubaki anatetemeka kwa kicheko, na watoto hudhani bibi harusi anatetemeka kwa hofu.

Halafu wakafika Mpapura, wiki ya pili ya safari. Mvua ya ghafla iliwakuta wao wawili wakianua mapazia ya jukwaa, wakajibanza barazani kwa mkulima mmoja, palipokuwa na magunia ya korosho na harufu kali ya mabibo. Huko ndiko Ismaili alikomwambia, bila utani, kwamba anampenda. Warda alimpa upande mmoja wa pazia, akashika upande wa pili, wakalikunja pamoja polepole mpaka mikono yao ikakutana. Usiku ule alilala na furaha na hofu kitanda kimoja.

Sasa ilikuwa Jumatano, wako Msimbati, na mchezo ulikuwa umekwisha tangu saa tano. Wenzao walikwenda kununua pweza. Ismaili alibaki nyuma ya gari, mlango umefunguliwa, anagundisha sikio la fisi lililoanza kubanduka. Warda akaja akakaa kando yake, akiacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Karibu, Bi Sungura."

"Usiniite hivyo leo."

Akaacha gundi. "Kuna nini?"

"Nyumbani wamepanga ndoa. Ijumaa ijayo."

"Ndoa ya nani?"

Warda alimtazama machoni. Alishuhudia jinsi tabasamu lilivyomtoka Ismaili usoni, likianzia machoni.

"Yako," Ismaili alisema.

"Yangu."

"Wamekupangia bila kukuuliza?"

"Waliniuliza."

"Lini?"

"Siku mbili kabla hatujaondoka Mtwara."

Ismaili alihesabu kichwani; ilionekana wazi anahesabu. "Kwa hiyo Mpapura, nilipokwambia niliyokwambia, ulikuwa umeshaulizwa."

"Ndiyo."

"Na uliwajibu nini?"

"Sikujibu kitu."

Ujiji nako kuna wazee, kuna misikiti na kuna wari wanaoona haya. Ismaili hakuhitaji kuelezwa. Aliliweka sikio la fisi juu ya goti, akasema kwa sauti ndogo, kwa mahadhi yaleyale ya watoto: "Kakubali."

Lingekuwa kofi lingeuma kidogo.

"Usinifanyie hivyo, Ismaili."

"Nimekufanyia nini? Kila siku najipaka masizi, naruka kama chizi mbele ya watoto kwa kuwa umenikubali. Kumbe kuna mwenzangu uliyemkubali bila masizi!"

"Sikumkubali! Nilishindwa kusema. Unamjua Baba Mkubwa ni nani kwangu? Nilipougua homa ya uti wa mgongo alilala sakafuni hospitali siku kumi na moja. Ndugu walipomjia juu kwamba binti wa watu hawezi kuzunguka na waigizaji, aliwajibu mwanangu namwamini. Mtu huyo anakuja kwako kavaa kanzu ya Idi, anakuuliza kwa upole. Utamwambia sitaki?"

"Mimi ungeniambia."

"Ungefanya nini?"

"Ningefanya..."

"Nijibu. Ungefanya nini?" Sauti ya Warda ilianza kupanda, ile sauti iliyokuwa ikifika nyuma ya uwanja bila kipaza sauti. "Ulisema unanipenda. Nilisikia. Lakini hukusema utakuja kwetu lini. Hukusema utamtuma nani. Jumamosi gari linaondoka kwenda Songea kuanza michezo mipya, na jina lako liko kwenye orodha. Nimeliona. Mimi nafika Mikindani nashuka, wewe unaendelea. Si ndivyo?"

Ismaili aliinamisha kichwa. Alibonyeza sikio la fisi kwa kidole gumba, akalibonyeza tena, ingawa lilikuwa limeshashika.

"Umenyamaza," Warda alisema. "Na wewe nikuhesabu umekubali?"

"Sina mtu huku, Warda." Alisema kama anayetoa kitu kilichomkwama. "Baba yangu ni marehemu. Wajomba zangu wako Ujiji, na wakisikia Mtwara watadhani nimevuka nchi. Mtu hajiposei mwenyewe kama anayekwenda kununua samaki. Nikabishe hodi kwa mzee wako nikiwa na nani? Na Dada Sabina? Nimekuwa nikiliwaza hilo kila siku, na kila siku naona haya kulisema."

"Basi sote tumeona haya," Warda alisema, na machozi yakamtoka.

Ismaili alisogea kidogo, akajizuia. Wavuvi wawili walikuwa wanapita na nyavu begani, wakawaangalia, wakasalimia. Walipokwisha kupita, akamnyooshea simu yake mwenyewe.

"Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mwambie tu hukukubali. Mimi usinitaje. Hata ukinikataa mimi baadaye, hilo lipo. Lakini mtu asiolewe kwa sababu koo lilimkauka."

Warda alichukua simu yake, si ya Ismaili. Iliita mara mbili tu.

"Mwanangu!" Sauti ya Mzee Bwanaheri ilijaa hata Ismaili akaisikia. "Nilikuwa nakutaja sasa hivi hapa! Mwalimu mkuu kaniletea barua. Kikundi chenu kinamalizia kwenye shule yetu, na mimi kama mwenyekiti wa kamati nakaa mbele kabisa. Nimewaambia watu wote. Nimesema njooni mumwone mwanangu, wale waliosema maneno waje waone wanavyofundisha watoto kwa adabu. Haya, niambie. Ulikuwa unasemaje?"

Unasemaje. Lilelile.

"Baba..."

"Naam, mama."

Upepo uliingia ndani ya gari ukapeperusha kanga ya boga. Warda alimtazama Ismaili, Ismaili alimtazama yeye, na yale macho yaliyozoea kucheka yalikuwa yanamwomba.

"Nilitaka kukujulia hali tu, Baba."

"Alhamdulillahi, mimi mzima. Ijumaa tuonane."

Simu ikakatika. Ismaili alichukua kichwa cha fisi, akakipakata, akateremka garini na kwenda zake upande wa mikoko. Warda alibaki na nafasi ile ya mtu mmoja, sasa haina mtu upande wa pili.

*

Alhamisi, kule Madimba, Fisi alimwinamia Binti Sungura bila kunong'ona chochote. Aliinama, akainuka, akafanya vituko vyake vyote, na watoto walicheka kama kawaida. Warda alisubiri neno lile la kipuuzi kama mgonjwa anavyosubiri maji. Mzee Sudi, aliyekuwa dereva na mpiga ngoma na mtu wa kujua kila kitu, alimwangalia wakati wa chakula akatikisa kichwa.

"Ninyi wawili mmenyamaza mpaka mnanitia uziwi," alisema.

Ijumaa walifika Mikindani saa mbili asubuhi, ili mchezo uishe mapema watu wawahi swala. Shule ilikuwa imepambwa makuti. Watoto walikuwa zaidi ya mia nne, na wazazi wamesimama ukutani. Mstari wa mbele aliketi Mzee Bwanaheri, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, mikono juu ya mkongojo. Alipomwona Warda anapita na kinyago kwapani, alimnyanyulia kidole kimoja, kama alivyokuwa akifanya enzi zile anampeleka shuleni.

Nyuma ya pazia, Sabina alikuja mbio anacheka. "Unajua nini? Mwalimu mkuu anasema Mzee Tembo awe baba yako! Watoto wameshaanza kumshangilia. Ijumaa ya kufungia, itapendeza ajabu!"

"Dada Sabina, tafadhali, chagua mwingine."

"Kwa nini? Keshakubali. Anacheka mwenyewe."

"Tafadhali."

Lakini ngoma ilikuwa imeshaanza, na Sabina alikuwa ameshakimbia. Ismaili, tayari ndani ya ngozi ya fisi, alikuwa amesimama hatua mbili tu. Alisikia yote. Warda alivaa kinyago chake haraka ili asimwone.

Mchezo ulikwenda. Fisi alijigamba, Fisi alidanganya, Fisi alituma posa. Mzee Bwanaheri akapandishwa jukwaani kwa makofi, akavishwa masikio ya tembo ya kitambaa juu ya kofia yake, na watoto waliomjua kwa ukali wa mahudhurio wakafa kwa kicheko. Sabina alimpa karatasi yenye neno lake. Mzee aliirudisha.

"Neno lenyewe nalijua," alisema kwa sauti, akawafanya wazazi wacheke pia.

Fisi akaja mbele ya Binti Sungura. Akainama, taratibu, chini kuliko siku zote. Na chini ya kinyago, sauti ya Ismaili ikamfikia.

"Kesho sipandi gari. Hata ukinyamaza, Warda, mimi sipandi."

Akainuka, akarudi nyuma akitingisha mkia.

Mzee Bwanaheri alikohoa. Alimgeukia. Uso wake, chini ya yale masikio makubwa ya kitambaa, ulikuwa na furaha ileile ya chumbani.

"Mwanangu," alisema, "posa imekuja. Unasemaje?"

Palikuwa kimya, kimya cha mchezo kilichopangwa, cha kuhesabu mpaka tano. Warda alihesabu. Sabina akaweka kiganja sikioni.

"Kanyamaza! Watoto wazuri, kunyamaza maana yake nini?"

"KAKUBALI!"

Koo mia nne. Vigelegele vya akina mama wa ukutani vikaingia juu yake, na kimoja Warda alikitambua. Kilikuwa cha Shangazi Saumu. Mzee Bwanaheri akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo Warda alipoinua mikono akavua kinyago. Upepo ulimpiga uso uliolowa jasho na machozi.

"Sijakubali," alisema.

Watoto walicheka. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Hata Sabina alicheka kidogo, halafu akaacha.

"Baba, sijakubali. Siku ile chumbani sikukubali. Nilikuona umefurahi, nikashindwa."

Sauti yake ilifika nyuma ya uwanja, kama ilivyozoea. Kicheko kikakatika safu kwa safu, kuanzia mbele. Mkono wa Mzee Sudi ulibaki juu ya ngoma, haujui ushuke au usishuke.

"Hayo ni ya mchezo?" Mzee Bwanaheri aliuliza polepole.

"Ni ya nyumbani, Baba."

Mzee akayavua masikio ya tembo, moja halafu la pili, akayaweka juu ya kiti, na akashuka jukwaani. Alipita katikati ya watoto, nao wakampisha. Nyuma yake Sabina, Mungu amjalie, alianzisha wimbo wa boga kwa sauti ya kukwaruza, na watoto wakaupokea kwa sababu watoto huokoa mambo ambayo wakubwa wameyashindwa.

Warda alimkuta nyuma ya madarasa, karibu na tangi la maji. Alikuwa amesimama na mgongo wake umegeuka.

"Mbele ya watoto," mzee alisema bila kugeuka. "Mbele ya walimu. Dada yake Suleimani alikuwa pale ukutani, Warda."

"Nisamehe, Baba."

"Nilikuuliza kwa ukali?"

"Hapana."

"Nilikulazimisha?"

"Ungenilazimisha ningejibu, Baba. Ungenigombeza ningesema. Ulinipenda, ndiyo maana nilishindwa."

Mzee akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na jambo hilo lilimuumiza Warda kuliko maneno yote. "Nilisimulia msikitini," alisema. "Nilisema mwanangu bado ana haya ya kizamani, kanyamaza kama mama zetu. Nilijivunia. Nimewapa watu neno langu, na Suleimani hana kosa lolote."

"Hana, Baba. Ni mtu mwema."

"Basi una nini?"

Warda hakupata nafasi ya kujibu, maana Ismaili alitokeza pembeni mwa ukuta. Alikuwa amevua kichwa cha fisi lakini masizi yalikuwa yangali usoni, yamechanganyika na jasho. Akasimama mbali, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Bwanaheri alimtazama kuanzia miguuni. Alichukua muda mrefu mpaka kufika usoni.

"Marahaba. Wewe ndiye fisi."

"Ndiye mimi, mzee. Naitwa Ismaili."

"Una watu, Ismaili?"

"Wapo Ujiji, mzee. Leo asubuhi nimempigia mjomba wangu. Amenitukana sana, halafu akaniuliza basi la Mtwara linachukua siku ngapi."

"Ujiji," mzee alisema, kama mtu aliyeambiwa mwezini. "Simama hapohapo. Usisogee. Sijasema nawe bado."

Akamrudia Warda. Upande wa pili wa madarasa wimbo wa boga ulikuwa umefika kwenye kiitikio, na watoto walikuwa wanapiga miguu chini.

"Leo una mdomo. Nimekusikia, na Mikindani nzima imekusikia. Basi nakuuliza mara moja, sitarudia." Alimwelekeza Ismaili kwa mkongojo. "Na huyu? Unasemaje?"

Warda alifungua mdomo. Maneno alikuwa nayo, safari hii alikuwa nayo yote, yamejipanga tangu Mpapura. Lakini alipomwona Ismaili amesimama pale na masizi yake, anangoja kama mtu anayesomewa kesi, joto lilimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Aliinamisha uso. Vidole vilitafuta pindo la kanga, vikalikunja na kulikunjua. Alijaribu kuuzuia mdomo wake usitabasamu, ukamshinda upande mmoja.

Mzee Bwanaheri alingoja. Aliinama kidogo kumtazama usoni, akamtazama sana, kama anayelinganisha kitu hiki na kingine alichokiona siku nyingine, chumbani, mbele ya kanzu nyeupe na kigelegele. Mwishowe akashusha pumzi.

"Aa," alisema. "Kumbe kunyamaza kwenyewe ndiko huku."

Hakumtazama Ismaili. Aliirekebisha kofia yake, akaitia nguvu mikono juu ya mkongojo, na akaondoka peke yake kuelekea kwa akina Suleimani, kuwarudishia neno lao kabla ya adhana.